Ni Nani Aliyeshika Ufunguo?

Kisa hiki kilianzia Kaloleni, hapa hapa Kisumu, katika chumba ambamo vijana wetu hujifunza kompyuta siku za Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri. Tulikuwa tumenunua laptopu ya mkono wa pili, mojawapo ya zile zinazopangwa madirishani kwenye barabara ya Oginga Odinga, zilizofanya kazi maofisini Ulaya na kufika kwetu zikiwa bado na alama za gundi pale palipobandikwa namba ya mwenyewe wa kwanza. Mashine nzima, betri ya kuvumilika, bei tuliyoimudu kwa harambee ndogo.

Kijana mmoja alikuja na flashi mfukoni. Ndani yake mlikuwa na mfumo wa Linux alioupangapanga mwenyewe kwa miezi kadhaa, akatia kamusi, vitabu vya kudurusia na programu ya hesabu, ili mdogo wake asihitaji bando kila siku. Akaichomeka, akabonyeza kitufe. Kompyuta ikawaza kidogo, kisha ikatoa kisanduku chekundu katikati ya kioo: saini si halali, siendelei.

"Mwalimu, saini ya nani?" akaniuliza. "Mimi sikuombwa kutia sahihi popote." Sote tukacheka. Lakini swali lake la pili halikuchekesha. "Kompyuta tumeinunua sisi, risiti tunayo. Sasa ni nani huyu anayesikizwa kabla yetu?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nimelitafuta tangu hapo, na kadiri nilivyolitafuta nikaona kwamba ni historia ndefu, na kwamba kiini chake si kompyuta sana bali ni ufunguo: nani amepewa autunze, nani anaweza kumrithisha mwingine, na hufanywa nini ukiibwa au ukizeeka.

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii. Kompyuta iliyozimwa ni kama mtu aliyezimia. Ukibonyeza kitufe, kitu cha kwanza kuzinduka ni programu ndogo iliyowekwa kiwandani ndani ya chipu kwenye ubao wake. Programu hiyo huamsha vifaa, halafu hutafuta kwenye diski programu ya pili, tuiite kianzishi, ambayo nayo huita mfumo endeshi wenyewe, uwe Windows au Linux. (Walimu wetu wa Kiswahili watanisamehe kwa kusema kompyuta badala ya tarakilishi, kule dukani ukiulizia tarakilishi utaonyeshwa mlango.) Kila anayetangulia humwamsha anayefuata na kumwachia usukani wote.

Sasa fikiria mwizi akijipenyeza kwenye hatua ile ya pili. Huyo atakuwa ameingia nyumbani kabla mlinzi hajafika zamu. Programu za kupambana na virusi huja baadaye, na zinapouliza hali ya nyumba, zinauliza mfumo ambao tayari umetekwa. Zitajibiwa kwamba kila kitu ki shwari.

Haya si mambo ya kubuni. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliokuwa wakiuza programu za kompyuta, waliandika kirusi kilichokuja kuitwa Brain. Kilikaa kwenye sehemu ya kwanza kabisa ya disketi, ile inayosomwa kompyuta inapoamka. Wenyewe walieleza kuwa walitaka kuwabana watu wanaonakili programu yao bila kulipa, na humo ndani wakaandika majina yao, anwani na namba za simu. Basi simu zikaanza kuingia Lahore kutoka nchi ambazo hawakuwahi kuuza chochote! Miaka 13 baadaye, tarehe 26 Aprili 1999, mambo yalikuwa mazito zaidi. Kirusi CIH, kilichoandikwa na mwanafunzi wa Taiwan, kiliharibu hata ile programu ya kwenye chipu, na kompyuta nyingi, hasa Asia, hazikuzinduka tena.

Wa rika langu mtakumbuka saiba za Kisumu kabla ya kebo za baharini kufika Mombasa mwaka 2009. Intaneti ilikuwa ya kuhesabia dakika, kwa hiyo kazi zilisafiri kwa disketi na baadaye kwa flashi. Flashi iliyotoka Kondele ikapita Maseno, ikirudi mjini ilikuwa imebeba kila kitu isipokuwa ile barua ya kuomba kazi uliyoihifadhi.

Dawa ya ugonjwa huu ni saini. Na hapa inafaa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kuficha na kuthibitisha. Kuhusu kuficha, sisi tuna mzee wetu al-Kindi wa Baghdad, katika karne ya 9, ambaye risala yake ndiyo ya kale zaidi kati ya zilizobaki inayoeleza namna ya kuvunja maandishi ya siri kwa kuhesabu herufi zinavyojirudia. Lakini mlango wa kompyuta inayoamka hauhitaji kuficha lolote. Unahitaji kujua: hiki kilicholetwa, kimetoka kweli kwa yule ninayemwamini, na hakijaguswa njiani?

Hilo ni suala la muhuri. Mtume (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia wafalme, aliambiwa kwamba wao hawapokei barua isiyo na muhuri. Akatengeneza pete ya fedha iliyochorwa maneno Muhammad Rasulullah, na akawakataza watu wengine kuchora pete zao hivyo hivyo. Tazama makatazo hayo, maana ndiyo yanayogusa mada yetu: muhuri ukiwa mikononi mwa watu kumi, haumthibitishi yeyote. Baada yake pete ilishikwa na Abu Bakr, kisha Umar, kisha Uthman, Allah awawie radhi, mpaka siku ilipodondoka katika kisima cha Aris huko Madina. Walitafuta kwa siku tatu. Haikupatikana. Kutengenezwa, kulindwa, kurithishwa, kupotea: mambo yote manne yanayowaumiza vichwa mafundi wa leo yako ndani ya pete moja.

Muhuri wa kompyuta ulipata msingi wake mwaka 1976, Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Marekani walipochapisha wazo la funguo mbili zinazokwenda pamoja, na mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman wakapata hesabu ya kulitekeleza. Ufunguo mmoja ni wa siri, wa mwenyewe tu, nao ndio hupiga muhuri. Wa pili ni wa wazi, unaweza kuubandika hata kwenye nguzo za soko la Kibuye. Kazi yake ni kukagua kama muhuri ni wa kweli. Mwenye ufunguo wa wazi anaweza kukagua, hawezi kughushi. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, William Arbaugh, David Farber na Jonathan Smith, walionyesha jinsi mnyororo mzima wa kuamka unavyoweza kukaguliwa kiungo kwa kiungo: kila anayetangulia asimwachie usukani anayefuata mpaka amekagua muhuri wake.

Iliwachukua wenye viwanda miaka mingi kulikubali hilo kwa kompyuta za kawaida. Mwaka 2011 kanuni za UEFI, yaani makubaliano ya kampuni kuhusu ile programu ya kwanza ya kwenye chipu, zilitiwa utaratibu unaoonekana kwenye menyu za mashine kwa jina la Secure Boot. Mimi nitauita uwashaji salama. Mwaka 2012 Windows 8 ilipotoka, Microsoft iliweka sharti kwamba kompyuta itakayobandikwa nembo ya mfumo huo iuzwe utaratibu huu ukiwa umewashwa.

Ndani ya utaratibu huu mna ngazi za funguo, na nitazieleza kwa mfano wa jumuiya kama yetu. Juu kabisa yuko mdhamini, mmoja tu. Huu ni ufunguo mkuu wa mashine, na kwa kawaida unashikwa na kampuni iliyoiunda. Mdhamini huteua makatibu, yaani funguo zenye ruhusa ya kubadilisha madaftari. Madaftari ni mawili. La kwanza ni la walioruhusiwa kuingia: funguo ambazo muhuri wake unakubalika. La pili ni la waliofungiwa: wale ambao hata wakija na muhuri halali, wasipite. Kompyuta ikiamka hufungua madaftari hayo, haimuulizi mtu. Kijana wetu wa Kaloleni hakuwa mwizi. Jina lake halikuwa daftarini, basi.

Na ni majina ya nani yaliyokuwa daftarini? Karibu kila kompyuta iliyotoka kiwandani tangu 2012 ilikuja na funguo za Microsoft za mwaka 2011. Hakukuwa na njama kubwa hapo. Kampuni za kuunda mashine ni nyingi na zilihitaji mtu mmoja ambaye wote watamkubali, na Microsoft ndiyo iliyokuwa tayari kubeba kazi hiyo na gharama zake. Lakini matokeo yake ni yale yale: mfumo mwingine wowote uliotaka kuamka kwenye mashine hizo ulipaswa kubisha hodi kwa mshindani wake.

Matthew Garrett, fundi wa Linux aliyekuwa akifanya kazi Red Hat, alipiga kengele mwezi Septemba 2011. Kelele zikawa nyingi, wengine wakidai Linux inazikwa. Mwafaka uliopatikana haukumfurahisha kila mtu. Kwenye kompyuta za kawaida mwenye mashine aliachiwa uwezo wa kuzima utaratibu au kuweka funguo zake mwenyewe. Kwenye vile vidude vya Windows vilivyotumia chipu za aina ya ARM, hapana. Watu wa Fedora waliamua kulipa dola 99 ili kianzishi kidogo kipigwe muhuri wa Microsoft. Kianzishi hicho kinaitwa shim, jina la kile kipande chembamba ambacho seremala hukipachika chini ya mguu wa meza inayoyumba. Microsoft ikishapiga muhuri kwenye shim, shim nayo hubeba ufunguo wa Fedora, au wa Ubuntu, na kukagua yanayofuata. Kisha mwaka 2012 watu wa SUSE wakaongeza jambo ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote: daftari la tatu, la mwenye mashine. Ukiwa umekaa mbele ya kompyuta, mkono wako juu ya kibodi, unaweza kuandikisha ufunguo wako mwenyewe. Huwezi kuandikishiwa kimyakimya kutoka mbali. Lazima uwepo na uthibitishe kwa nenosiri wakati mashine inaamka. Debian ilichelewa kuingia katika mpango huu mpaka toleo lake la 10, mwaka 2019, na watumiaji wake wengi katika miaka hiyo walizoea kuzima tu uwashaji salama. Tabia hiyo imebaki hadi leo kwa mafundi wetu mjini: mashine ikisumbua, zima.

Naielewa, ila siipendi. Kuzima ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu kitasa kinakwama.

Lakini wasomaji wenye kupekua watauliza: je, kitasa chenyewe kimethibitika? Kufuli kama kufuli halijawahi kuvunjwa kwa hesabu. Kilichovunjika mara nyingi ni utunzaji wa funguo.

Mwaka 2020, mwezi Julai, kampuni ya Eclypsium ilitangaza tundu katika GRUB, kianzishi kinachotumiwa na Linux karibu zote, likapewa jina BootHole. GRUB hizo zote zilikuwa na muhuri halali. Ili kuzizuia ilibidi kuziandika, moja moja, kwenye daftari la waliofungiwa. Na daftari hilo linakaa kwenye chipu ndogo, nafasi yake ni kama kilobaiti 32. Tukio hilo moja lilikula takriban theluthi. Matukio mengine mawili ya namna hiyo na daftari lingejaa. Wakati huo huo masasisho ya haraka ya Red Hat yaliziacha baadhi ya seva zikishindwa kuamka kabisa, mpaka zikarekebishwa kwa mkono.

Kisha ikaja BlackLotus. Programu hii ya kihalifu ilianza kutangazwa kwenye masoko ya wezi mwaka 2022 kwa dola 5,000, na tarehe 1 Machi 2023 watafiti wa ESET wakathibitisha kwamba inapita uwashaji salama hata kwenye Windows 11 iliyosasishwa. Ilifanyaje? Haikughushi muhuri. Ilikuja na faili ya kuamshia ya Windows yenyewe, ya zamani, yenye kasoro ambayo Microsoft ilikuwa imeirekebisha Januari 2022. Toleo jipya lilikuwa salama, lakini la zamani halikuwa limeandikwa kwenye daftari la waliofungiwa, kwa hiyo mlango ulilikubali kwa heshima zote. Ni kama mtumishi aliyeachishwa kazi ambaye hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya kitambulisho. Na Microsoft ilisita kulifungia kwa sababu ya kueleweka: diski nyingi za kuwekea mfumo na nakala za akiba zilizoko duniani zingekataa kuamka siku hiyo hiyo. Kufungia ufunguo ni rahisi kusema.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Agosti 2024 sasisho la Windows lililokusudiwa kufungia vianzishi vibovu vya Linux liliangukia pia kompyuta zenye mifumo miwili, na Linux nyingi zikakataa kuamka kwa ujumbe uliosema kuna jambo limekwenda vibaya sana. Ilichukua mpaka Mei 2025 kwa Microsoft kutoa marekebisho kamili.

Ila kisa kinachonikera kuliko vyote ni cha PKfail, kilichotangazwa na kampuni ya Binarly mwezi Julai 2024. Kumbuka yule mdhamini, ufunguo mkuu ulio juu ya makatibu na madaftari. Kampuni ya American Megatrends huziuzia kampuni nyingine programu ile ya kwanza ya kwenye chipu, na ilikuwa ikizipa ikiwa na ufunguo mkuu wa mfano, wa kujaribia tu. Ilitarajiwa kila mwenye kiwanda autoe aweke wake. Na ili asisahau, ufunguo wenyewe uliandikwa jina kwa herufi kubwa: USIUAMINI. Binarly walipopekua mashine zilizouzwa kwa zaidi ya miaka kumi, walikuta mamia ya aina za kompyuta na seva, zikiwemo za majina makubwa kama Acer, Dell, Gigabyte, Intel na Supermicro, zimetoka kiwandani na ufunguo ule ule wa USIUAMINI ndani yake. Na sehemu ya siri ya mmoja wa funguo hizo ilikuwa imeshawekwa hadharani kwenye intaneti, katika hifadhi ya programu ambayo mtu yeyote angeweza kuifungua, imefungwa kwa nenosiri la herufi nne.

Herufi nne, ndugu zangu! PIN ya M-Pesa ya mtoto wa shule. Hapo hakukuwa na mwizi hodari. Kulikuwa na wafanyakazi, katika kampuni nyingi, ambao kila mmoja alidhani mwenzake ndiye atakayebadilisha ufunguo.

Tuache laptopu kidogo, twende ufuoni. Ukiteremka Dunga jioni, au ukivuka kwenda Mbita, utaona kwamba kompyuta ya watu wa ziwani si laptopu. Ni simu, na nyingi zimechukuliwa kwa mkopo. Mwezi Julai 2020 Safaricom, kwa ushirikiano na Google, ilianzisha Lipa Mdogo Mdogo, simu ya Android unayoilipia kidogo kidogo, kuanzia shilingi 20 kwa siku. Kampuni ya M-KOPA, iliyoanza Kenya na taa za sola mwaka 2012, nayo ikaingia katika biashara ya simu. Usipolipa, simu hujifunga mpaka ulipe.

Je, umewahi kujiuliza kwa nini mdaiwa mjanja hawezi tu kumpa fundi aifute simu yote na kuweka mfumo mwingine? Jibu ni ule ule mnyororo. Android ilianza kukagua mihuri wakati wa kuamka katika toleo la 4.4, mwaka 2013, na kuanzia toleo la 7, mwaka 2016, simu inayokuta mfumo uliochezewa inaweza kukataa kuamka kabisa. Kianzishi cha simu kinakubali mfumo wenye muhuri wa aliyeiunda peke yake. Kufuli la deni limesimama juu ya kufuli hilo. Bila ufunguo wa kiwanda, mkopo wa shilingi 20 kwa siku usingewezekana, maana hakuna mkopeshaji angekubali.

Sisemi kwamba ni dhuluma. Mama muuza omena anayepokea malipo kwa simu hiyo aliipata kwa njia ambayo benki isingempa, na deni ni deni. Kufuli hilo hilo pia linamlinda: anayempora simu pale stendi hawezi kuitia mfumo wake kwa urahisi. Lakini angalia siku ya malipo ya mwisho. Programu ya deni hufunguliwa, simu inakuwa yake. Ufunguo wa kuamshia unabaki pale pale ulipokuwa, kiwandani. Kampuni ikiamua baada ya miaka miwili kwamba toleo hilo halitengenezewi masasisho tena, hakuna mwingine awezaye kulipigia muhuri sasisho, hata akiwa fundi bora wa Kisumu nzima. Kwenye simu nyingine mwenye kiwanda hukuruhusu kufungua kianzishi, simu ikifutwa kwanza na kukuonya kila inapowaka. Kwenye nyingi za bei nafuu mlango huo haupo, au umefichwa. Hili kwangu ndilo swali la haki ambalo sheria zetu hazijaligusa. Sheria ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta inamshughulikia anayeingia kwenye mfumo usio wake. Haisemi chochote kuhusu mwenye mfumo anayefungiwa nje ya wake.

Turudi Kaloleni na ile laptopu, kwa sababu kuna jambo la tarehe.

Zile funguo za Microsoft za 2011, ambazo ziko kwenye madaftari ya karibu kila mashine ya mkono wa pili mjini, ziliandikiwa vyeti vya miaka 15. Vya makatibu na vya kupigia muhuri vianzishi vya watu wengine, ikiwemo shim ya Linux, viliandikwa kuisha Juni 2026. Cha Windows yenyewe, Oktoba 2026. Vyeti vipya vilitolewa mwaka 2023. Nimesikia watu wakitishana kwamba kompyuta zote za zamani zitakufa siku hiyo. Si kweli. Programu ya kwenye chipu kwa kawaida haitazami tarehe ya cheti. Kilichokuwa kikiamka kitaendelea kuamka. Tatizo ni la polepole. Ufunguo uliokwisha muda haupigi mihuri mipya. Mashine isiyo na vyeti vya 2023 haitapata majina mapya kwenye daftari la waliofungiwa, na siku moja itakutana na toleo jipya la Linux lenye muhuri mpya tu, nayo italitolea kile kisanduku chekundu.

Na kuwaingiza makatibu wapya si kazi ya Microsoft peke yake. Mdhamini lazima akubali kwa muhuri wake, yaani kampuni iliyounda mashine. Kama kampuni hiyo imefunga, au haijali tena modeli ya mwaka 2014, hakuna wa kutia sahihi. Isitoshe, kwa wenye Windows vyeti hivyo huja kwa njia ya masasisho, na masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ngapi za barabara ya Oginga Odinga ni za Windows 10? Tembea tu uhesabu. Ulaya zinauzwa kwa wingi kwa sababu hiyo hiyo, ndiyo maana zinatufikia rahisi.

Tulipoikagua yetu kwa amri fupi kwenye Linux, tulikuta vyeti vya 2011 peke yake. Ufunguo mkuu, alhamdulillahi, haukuwa ule wa USIUAMINI. Tuliulizia jina hilo mapema kuliko jambo jingine. Kampuni iliyoiunda bado ipo na ilikuwa imetoa programu mpya ya chipu, tukaishusha kwa bando la simu na kuiweka huku kila mtu akiomba stima zisipotee katikati. Baada ya hapo vyeti vya 2023 vikaonekana daftarini.

Kwa ile flashi ya kijana, hatukuzima uwashaji salama ingawa ingechukua dakika moja. Alichukua shim iliyokwisha kupigwa muhuri, akatengeneza jozi yake ya funguo, akaupiga mfumo wake muhuri wake mwenyewe, halafu akaandikisha ufunguo wa wazi katika lile daftari la mwenye mashine. Skrini ya buluu ikamuuliza kama ana hakika, akaandika nenosiri. Mara ya kwanza alikosea herufi, tukaanza upya. Mara ya pili kamusi ikafunguka.

Ndipo dada mmoja wa darasa akauliza: na huu ufunguo wa siri, tunauweka wapi? Kwenye laptopu ile ile hapana, maana atakayeiiba ataubeba. Kwenye flashi moja, flashi hupotea, sote tunajua. Tulibishana mpaka karibu na adhana ya alasiri. Mwishowe tukakubaliana flashi mbili, kila moja na nenosiri refu, moja kwenye kabati la ofisi na nyingine kwa mama mweka hazina, na daftari la karatasi la kuandika kila inapochukuliwa na kurudishwa. Daftari hilo lina mistari mitatu mpaka sasa, na wa tatu unaonyesha flashi ya kabatini imetoka na bado haijarudi. Jumamosi ijayo tunamfuata aliyeichukua.